Kigari Kilichokuwa na Tabia Mbili

Ndolo alipata leseni ya udereva kabla hata hajaoa, na hakuwahi kuendesha gari. Mnashangaa? Hata yeye mwenyewe alishangaa. Aliitafuta hiyo leseni Machakos kwa jasho lake, akaifunga ndani ya nailoni, akaizika chini ya nguo kwenye sanduku la bati, ikakaa humo miaka nenda miaka rudi huku mwenyewe akiitwa taniboi. Mtu ameota mvi, ana binti wa kuolewa, na bado ni "boi". Ndiyo maisha ya malori hayo.

Kazi ya taniboi pale Emali ilijulikana. Unapakia mzigo, unafunga turubai, gari likisimama mlimani unaruka na jiwe mkononi kuliweka nyuma ya gurudumu. Dereva akirudi nyuma sokoni unapiga bodi, akiingia kichochoroni unasimama mbele ya macho yake ukipaza sauti: "Lete! Lete! Kata kulia! Nyoosha! Basi!" Safari ikianza, dereva hukaa ndani kwenye kiti, nawe unapanda juu ya magunia ya vitunguu na upepo wako. Ndolo alikuwa taniboi wa lori la Muktar Dirie, Msomali aliyekuwa na ng'ombe, duka na lori moja kuukuu lililobeba nyanya na vitunguu kutoka Loitokitok. Dereva alikuwa Mzee Thuo, mtu wa Murang'a aliyekuja Emali kwa safari ya siku moja akasahau kurudi kwao. Thuo alikuwa dereva wa kusifiwa. Watu walisema anaweza kupitisha lori mahali ambapo punda angefikiria mara mbili.

Sasa, mwaka wa tisini na tano, habari ikaenea kwamba Muktar ananunua lori la pili. Ndolo akakosa usingizi. Lori la pili lilitaka dereva wa pili, na leseni yake ilikuwa pale chini ya nguo ikimsubiri. Lakini taniboi hajiombei usukani. Hilo ni jambo la desturi: anayekuombea ni dereva wako, yeye ndiye anayejua kama umeiva au bado. Basi Ndolo alibaki akimtazama Thuo mdomoni kama kuku anayetazama mkono wenye mahindi.

Na Thuo, badala ya kusema habari za lori, akamletea katoni.

"Fungua," akasema.

Ndani mlikuwa na kigari. Si vile vya watoto vya kukokota kwa kamba, la. Hiki kilikuwa cha watu wazima: magurudumu manne ya mpira, usukani wake, shokomzoba zake za kupoza mitikisiko, ndogo kama vidole, betri tumboni, na rimoti yenye vijiti viwili, kimoja cha mwendo, kimoja cha kukata kona. Kampuni iliyokuwa ikitengeneza barabara ilipofunga kambi yake iliuza vitu vyake, na Muktar akanunua vitanda, majiko na katoni tatu, hii ikiwa mojawapo, bila kuuliza zina nini. Wazungu wa kambini walikuwa wakishindana kwa vigari hivyo jioni mpaka vikachakaa. Muktar alipenda mchezo kuliko sura yake ilivyoonyesha. Kimoja akaweka chake, kimoja akampa Njogu mwenye duka la misumari na mabati, cha tatu akampa dereva wake. Jumapili, Wakristo wakitoka kanisani na Muktar akishaswali alasiri, wangeshindana kwenye sakafu ya saruji ya ile kambi iliyoachwa. Watakaoshindwa wanunue chai. Basi, hakuna makubwa.

"Wewe una mkono wa ufundi," Thuo akamwambia. "Nitengenezee hii kitu ishinde ile ya Njogu. Na mimi, siku lori mpya ikifika, nitaongea na Bosi. Umenisikia, Ndolo?"

Kama alimsikia! Angemwambia amtengenezee ndege angeanza siku hiyo hiyo.

Shida ni kwamba Ndolo alijua malori, na kigari kile hakikujua kama yeye anajua malori. Jambo la kwanza aliloona ni kwamba kimelala chini mno, tumbo linakaribia kugusa sakafu. Gari gani hilo? Likikutana na jiwe? Akakata vipande vya mpira wa tyubu, akavipachika chini ya springi, kigari kikainuka kikasimama kiume. Akakiwasha. Kwenye kona ya kwanza kikapinduka miguu juu kama mende.

"Aiya!" Ndolo akasema. Akafikiri. Lori tupu huruka-ruka, na dawa yake ni mzigo. Akakifungia nati nzito nyuma. Kikapinduka tena, safari hii kwa kishindo, na bodi lake la plastiki likapasuka kutoka kwenye mlango mpaka kwenye buti.

Mkewe, Muthoki, alikuwa amekaa kizingitini akisuka kiondo. Alilichukua lile bodi bila kuulizwa, akaligeuza, akashona ule ufa kwa sindano na uzi wa katani, mshono wa kiondo hasa, mmoja juu ya mwingine.

"Baba Nzilani," akasema akikata uzi kwa meno, "si uangalie kile cha Muktar kimekaaje? Au macho yanatozwa nauli?"

Akaenda akaangalia. Kile cha Muktar kilikuwa kimelala chini kama mjusi, na ndicho kilichokuwa kikikimbia. Ndolo akarudi akachomoa mipira yake yote na nati zake. Mambo ya dunia hii! Huku ukiinua ndiyo usalama, kule ukiinua ndiyo ajali.

Betri ndiyo iliyotaka kumtia wazimu. Betri ya lori haiachwi ikauke, kila taniboi analijua hilo. Ukiilaza bila chaji imekufa. Basi Ndolo kila akikichezea kidogo aliirudisha betri kwenye chaja kule dukani kwa Njogu, ishibe. Na kadiri alivyoishibisha ndivyo ilivyozidi kulegea, mpaka ikawa kigari kinakimbia mzunguko mmoja kisha kinatembea kama mgonjwa. Mwishowe Njogu, ambaye alikuwa mpinzani lakini hakuwa na roho mbaya, akamwonea huruma.

"Hii unaiacha ife kabisa," akasema. "Ife mpaka gurudumu isizunguke. Ndio uichaji."

"Ife?"

"Ife, bwana. Ukiilisha kabla haijasikia njaa, inazoea kula kidogo."

Ndolo alirudi nyumbani akiongea peke yake njiani. Betri gani hiyo inayotaka kufa ndiyo iishi? Lakini akafanya alivyoambiwa, mara moja, mara mbili, na betri ikafufuka.

Tangu hapo mambo yakaanza kunyooka. Akamwaga mafuta yaliyooza ndani ya zile shokomzoba, akatia ya cherehani, kigari kikadunda kama mpira. Akachanganya na oili ya gia kidogo, kikatulia. Tairodi moja, chuma cha kuelekeza gurudumu, ilikuwa imepinda, gurudumu la mbele likitazama pembeni kama mtu anayeona haya. Akainyoosha, akapima alaimenti, yaani unyofu wa magurudumu, kwa uzi, ule uzi wa kuvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele ambao mafundi wa Emali hupimia malori. Halafu akakiweka kwenye sakafu ya kambi, akasukuma kijiti. Kikaenda kama kimefuata mstari wa rula.

Na kuna kitu kimoja alichokigundua hapo ambacho kilimfurahisha mpaka akacheka peke yake. Kigari kikienda mbele yako, kulia ni kulia. Kikigeuka kuja kwako, kulia kwake ni kushoto kwako, na hapo ndipo Njogu na Muktar walipokuwa wakichanganyikiwa na kugonga madramu matupu yaliyowekwa kuonyesha kona. Ndolo hakuchanganyikiwa hata kidogo. Maisha yake yote alikuwa amesimama mbele ya gari linalomjia, akilipangia kona zake kwa mdomo na mikono. Kigari kilimtii kama kimezaliwa nyumbani kwake. Hata alipokisimamisha kwenye mteremko mdogo wa saruji, alijikuta ameokota kijiwe na kukiweka nyuma ya gurudumu, akatazama huku na huku asije akaonekana.

Jumapili ya mwisho kabla ya mashindano Thuo akaja kujaribu. Ndolo alikuwa amekipaka rangi nyekundu, nyekundu ya kung'aa, akakipeleka mwisho wa sakafu.

"Unaonaje, Mzee?"

Thuo akakitazama. "Safi sana. Hiyo bluu yake usiiguse, iko sawa."

Ndolo akacheka, akidhani ni utani. Kigari kilikuwa bluu mwanzoni, ni kweli, lakini sasa kilikuwa chekundu kuliko nyanya za Loitokitok. Thuo hakucheka. Ndolo naye akakuna kichwa.

Thuo akashika rimoti, akasukuma kijiti. Kigari kikatoka vizuri, kikaenda moja kwa moja kikagonga dramu.

"Alaimenti!" Thuo akafoka. "Si nilikwambia upime?"

Ndolo akakimbia akapima. Uzi ukasema sawa. Akakiendesha mwenyewe, kikaenda sawa. Akampa Thuo, kikaenda kikapanda tairi kuukuu la kona kikabaki hapo kikiguna. Akalegeza skrubu, akakaza. Kwake sawa, kwa Thuo mrama. Akabadilisha tairi za kushoto akaweka kulia. Kwake sawa, kwa Thuo ukutani. Jua likatua, Ndolo amechoka, kichwa kinamzunguka, na Thuo ameondoka akinung'unika kwamba siku hizi hakuna mafundi.

"Gari moja haiwezi kuwa na tabia mbili," Muthoki akamwambia wakila.

"Nimeiona mimi kwa macho yangu."

"Basi shida haiko kwa gari."

"Iko wapi?"

"Mimi ni mtu wa viondo," Muthoki akasema. "Kula, chakula kinapoa."

Ndolo aligeuza maneno hayo kichwani usiku kucha bila kupata mwanzo wala mwisho wake. Thuo? Thuo alikuwa dereva wa madereva! Mtu aendeshe lori la tani nyingi, ashindwe na kitu cha kubebwa kwapani? Haikuingia akilini. Labda kigari kilijua mkono wa mwenyewe, kama mbwa. Akajiona mjinga kufikiria hivyo, na bado akafikiria.

Ili muelewe yaliyofuata, lazima niseme jambo ambalo Ndolo alilithamini kuliko leseni. Tangu mvua za vuli zilizopita, Thuo alikuwa amemshusha kutoka juu ya mzigo akamwambia, "Kuja ukae hapa ndani na mimi." Hivyo tu! Miaka yote hiyo anakula vumbi juu ya magunia, ghafla anaitwa kitini. Na Thuo akaanza kumwambia, "Niambie barabara, Ndolo, nisije nikasinzia." Naye akawa anamwambia. Punda huyo, upande wa kushoto. Lori inakuja, imejaza. Watoto wa shule, wako wengi. Shimo mbele, pitia kulia. Thuo alikuwa akiitikia "ehe, ehe", na Ndolo akarudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba hatimaye Mzee amemwona kuwa ni mtu. Ndiyo furaha kubwa aliyokuwa ameipata katika kazi ile.

Jumatatu wakatoka Loitokitok alasiri, wamepakia vitunguu. Ndolo alikuwa ndani, lakini akili ilikuwa kwenye kigari. Uzi, tairodi, skrubu, dramu. Kwake sawa, kwa Thuo mrama. Maili zikapita hajasema neno. Thuo akakohoa mara mbili, akasema "Uko kimya leo," Ndolo akajibu "Nimechoka tu, Mzee," akarudi kwenye mawazo yake.

Wakikaribia Emali akainua kichwa. Mbele yao, ukingoni kushoto, mtu alikuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya makaa. Alikuwa wazi kabisa, na barabara ilikuwa nyeupe na nyoofu. Ndolo akangoja Thuo apunguze mwendo. Hakupunguza. Akangoja akate kidogo. Hakukata. Lori lilikuwa likimwendea yule mtu kama kwamba hayupo, na Thuo ameketi wima, ametulia, akipiga mluzi.

"Kata kulia!" Ndolo akapiga kelele. "Kulia, Mzee, kulia!"

Na Thuo akakata. Papo hapo, bila kuuliza, bila kugeuza kichwa, kama kijiti kimesukumwa. Mwenye makaa akajitupa majanini, baiskeli huku na magunia kule, akasimama akitukana kwa Kikamba matusi ambayo sitayarudia hapa. Alikuwa mzima. Lori likaenda likasimama mbali.

"Jua," Thuo akasema akijifuta uso. "Jua lilinipiga machoni."

Ndolo akageuka akatazama. Jua lilikuwa nyuma yao.

Alishuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akaenda kumsaidia yule mtu kukusanya makaa. Mambo yakaanza kujipanga yenyewe bila kuitwa. Bluu iliyokuwa nyekundu. Dramu. Yule mbuzi wa mwezi uliopita ambaye Thuo alisema amerukia gari mwenyewe. "Niambie barabara, Ndolo." Kumbe! Kumbe yeye mwenyewe alikuwa anaendesha lori! Tangu vuli alikuwa anaendesha lori kwa mdomo, na hakuna aliyemwambia.

Mngedhani angefurahi kwa kuelewa. Alizidi kuchanganyikiwa, na zaidi ya hapo aliumia. Alikuwa amejiona rafiki, kumbe alikuwa miwani. Mtu havai miwani kwa upendo. Akamkasirikia Thuo mpaka akatamani kumtemea mate, na dakika ile ile akamwonea huruma, yule mzee aliyeketi peke yake pale mbele ameshika usukani wa gari lililosimama. Aliporudi kitini alijifuta masizi ya makaa, akaanza kusema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua: "Barabara iko wazi. Twende polepole. Kona inakuja." Akaitikiwa, "Ehe."

Muthoki alipoambiwa aliweka kiondo chini.

"Utamwambia Muktar?"

"Nimwambie, Thuo akose kazi, halafu mimi nipewe usukani? Watu watasema nini? Taniboi amemuuza dereva wake."

"Na usipomwambia?"

Juma zima Ndolo alishindwa hata kujiambia anataka nini. Kila safari alipaza sauti mpaka ikakwaruza, hakukuwa na punda wala paka aliyepita bila kutajwa, na Thuo hakuuliza kwa nini.

Jumapili ya mashindano ikafika, na lori jipya nalo likafika. Muktar aliliegesha pale pale kando ya sakafu ya kambi, la kijani, bodi lake bado linanuka rangi, ili kila mtu alione. Nusu ya Emali ilikuja. Ndolo aliliangalia lile lori akahisi njaa, si ya chakula.

Thuo akashika rimoti, akamvuta Ndolo kwa mkono wa shati.

"Simama hapa karibu," akasema chini kwa chini. "Uniambie."

Ndolo akamtazama yule mzee. Akasimama karibu.

Vigari vikaachiliwa. Cha Muktar kikagonga dramu mapema, watu wakaangua kicheko. Kikabaki cha Njogu na chekundu chenye mshono wa kiondo ubavuni. "Lete," Ndolo akaanza. "Lete, lete... kata kushoto. Nyoosha. Sasa kinakuja kwetu, kata... kushoto yako, Mzee! Nyoosha. Lete moto!" Na vidole vya Thuo vikatii, neno kwa neno, kama vilivyokuwa vikitii tangu vuli. Watu walikufa kwa kicheko kuona taniboi anaongoza hata kigari cha kuchezea. Lakini betri iliyokufa ikafufuka haikulegea, ya Njogu ikaishiwa pumzi kidogo kwenye kona ya mwisho, na chekundu kikapita.

Kelele zilizopigwa! Njogu akaenda kuagiza chai huku akicheka na kulaani pamoja. Muktar akaja amefungua mikono.

"Wallahi, ninyi wawili ni mtu mmoja!" akasema. "Ndolo, sikia. Thuo ameniomba tangu juzi, na leo nimeona mwenyewe una mkono. Hiyo ya kijani ni yako. Kesho unaanza. Thuo nitamtafutia kijana wa kupanda mzigo, hapa stendi wamejaa."

Basi likawa limekuja, lile neno alilolisubiri tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Thuo alikuwa ametimiza ahadi. Alijua anapoteza macho yake mwenyewe na bado alikuwa amemwombea. Hilo nalo likamchanganya Ndolo upya, maana alikuwa amejiandaa kumchukia.

Akamwona akilini huyo kijana wa stendi. Amelala juu ya magunia, anaimba, na chini yake Thuo ananyoosha lori kuelekea kwa mtu mwenye baiskeli.

"Bosi," akasema. "Bosi, asante sana. Lakini mimi naomba ile ya zamani."

"Ile ya zamani? Warya, wewe bwana! Una wazimu?"

"Naomba ile ya zamani. Na Mzee Thuo akae kando yangu."

"Na hii ya kijani? Aendeshe Thuo?"

"Hapana, Bosi."

"Sasa sielewi," Muktar akasema, na kicheko kikaanza kumtoka usoni. "Unakataa gari mpya, unamnyima mzee gari. Thuo alikukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi sema!"

Ndolo akatazama chini. Angeweza kusema kwa neno moja tu, na neno hilo alikuwa nalo ulimini, likamshinda kulitoa. Alisimama hivyo, jasho likimtiririka, akionekana mjinga mbele ya Emali nzima, na akaamua afadhali aonekane mjinga.

"Mwache," Thuo akasema. "Mwache, Muktar. Ni kwa sababu sioni."

Thuo akapitisha kiganja mbele ya uso wake.

"Naona mwanga. Naona kitu kikubwa. Vidogo vimeondoka tangu vuli. Huyu ndiye amekuwa akiendesha. Mimi nilikuwa nakanyaga tu." Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa lori kuukuu na kipande chake cha ngozi, ule ufunguo ambao Ndolo hakuwahi kuugusa hata siku ya kuosha gari. "Shika, Ndolo."

Akaunyoosha. Lakini aliunyoosha pembeni, kwa mtu ambaye hakuwepo, hatua nzima kando ya pale Ndolo aliposimama. Mkono ukabaki hewani unangoja. Ndolo akasogea mpaka pale mkono ulipokuwa, akaupokea ufunguo.

Muktar akasema mengi, mengine kwa Kisomali, na kwa hasira ya mtu aliyeona kaburi alilopitia karibu. Alikuwa na haki. Hata hivyo siku mbili baadaye yeye ndiye aliyetuma ujumbe kwa daktari wa macho Machakos, na akasema lori kuukuu lipeleke vitunguu njia hiyo.

Ndolo aliitoa leseni kwenye nailoni. Akakaa upande wa kulia. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyepiga bodi nyuma, na akakaa pale ametoa macho, akisubiri mtu amwambie "lete", mpaka akakumbuka kuwa anaona mwenyewe. Thuo alikaa kushoto, amevaa koti lake la kanisani, mikono magotini.

Wakapita Sultan Hamud. Swali lilikuwa likimchoma Ndolo tangu ile siku ya makaa, na wakianza kupanda kuelekea Salama likamtoka.

"Mzee. Uliponiita nikae ndani. Ilikuwa ni macho tu?"

Lori lilinguruma mlima mzima, na Ndolo akajuta kuuliza, akabadilisha gia vibaya, ikalia.

Walipofika juu Thuo akageuza uso kwenye dirisha ambalo halikumwonyesha kitu.

"Niambie barabara," akasema.

"Barabara ya nini sasa? Si mimi naendesha? Wewe pumzika."

"Niambie tu, Ndolo."

Ilikuwa vigumu kuendesha na kusema pamoja, hakuwa amezoea, lakini Ndolo akaanza. Kuna mama wa mahindi ya kuchoma, upande wako. Basi la Mombasa linakuja, limechelewa hilo. Ng'ombe wawili na kijana wao. Kuna wingu dogo kule Kiima Kiu, labda itanyesha.

"Ehe," Thuo akasema. "Ehe. Na hao ng'ombe, ni wa rangi gani?"